Mshipa wa kisigino ukikatika, usisubiri uvimbe upungue



Kila unapotia udhu, mkono wako unapita nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Hapo kuna kitu kigumu mithili ya kamba, kimeanzia kwenye shavu la mguu na kuteremka hadi kwenye mfupa wa kisigino. Kishike kwa vidole viwili huku ukikunja wayo juu na chini, utakisikia kinakaza na kulegea. Madaktari hukiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale ambaye, kwa mujibu wa hadithi hizo, silaha hazikumdhuru popote isipokuwa kisiginoni. Mitaani tunauita mshipa wa kisigino.

Jina hilo la mitaani lina tatizo lake. Katika Kiswahili chetu cha kila siku mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, ngiri nayo ni mshipa, na kano inayounganisha msuli na mfupa nayo tunaiita mshipa. Mgonjwa anapofika zahanati na kusema "mshipa umenivuta", mhudumu anaweza kuandika maumivu ya misuli na kumpa diklofenaki. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia neno kano, na nakuomba nawe ulitumie utakapofika hospitali.

Kano hii ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote za mwili. Ina urefu wa takribani sentimeta 15. Ndiyo inayokusukuma mbele unapotembea, inayokunyanyua unapopanda mlima, na inayokuinua kwa ncha za vidole unapochukua kitu juu ya kabati. Mtu wa Ludewa anayeteremka na gunia la mahindi kutoka shamba la mlimani, au anayepanda kutoka Lupingu ziwani kuja juu, anaitumia kuliko anavyodhani.

Pamoja na nguvu hiyo, hukatika. Mara nyingi hukatika sentimeta 2 hadi 6 juu ya kisigino, sehemu ambayo haipati damu ya kutosha. Wanaokatika zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50 ambao wiki nzima wamekaa dukani, ofisini au kwenye pikipiki, halafu siku ya mapumziko wanaingia uwanjani kucheza mpira kama vijana wa miaka 18. Mabonanza ya Idi, wazee dhidi ya vijana, ni mahali hasa pa jambo hili. Wapo pia wanaokatika kwa kukosea ngazi moja tu, au kuruka mfereji wakati wa mvua.

Utalijuaje? Karibu wote husimulia jambo moja: walisikia mlio, "paa!", wakahisi wamepigwa teke au jiwe kwa nyuma. Wakageuka kumtafuta aliyewapiga, hakuna mtu. Maumivu yale makali hupungua haraka, na mtu huanza kuchechemea. Kwa kuwa anaweza kutembea, hujiambia hakuna kilichovunjika.

Wapenzi wa kandanda watamkumbuka David Beckham. Tarehe 14 Machi 2010, akiichezea AC Milan dhidi ya Chievo, alisimama ghafla bila kuguswa na mtu, akashika nyuma ya mguu wa kushoto. Kesho yake alikuwa Turku, Finland, amekwisha kufanyiwa upasuaji. Alikosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini mwaka huo, lakini Septemba alikuwa amerudi uwanjani. Utasema yule ana fedha na ndege. Ni kweli. Lakini fedha haikuwa peke yake katika kasi ile. Pale pale uwanjani walikuwapo watu waliojua kuwa ile ni kano na si kuteguka, na ujuzi huo hauhitaji ndege.

Ucheleweshaji unaanzia wapi

Huku kwetu tumezoea kulaumu umbali. Ni kweli kwamba barabara ya kutoka Ludewa kwenda Njombe ina milima na kona, hata baada ya kipande cha Lusitu hadi Mawengi kujengwa kwa zege. Hata hivyo, siku nyingi zaidi hazipotei barabarani. Zinapotea pale mgonjwa anapoonana na mhudumu wa kwanza, awe wa duka la dawa, mkandaji wa mtaani au sisi wenyewe matabibu, na kuambiwa: "Umeteguka, pumzika."

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Vitabu vya tiba ya mifupa vinasema hata katika nchi tajiri, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hukosewa mara ya kwanza. Sababu zinafahamika. Kwanza, mgonjwa anaweza bado kuusogeza wayo kuelekea chini, kwa kuwa ipo misuli mingine midogo inayofanya kazi hiyo. Mhudumu akimwambia "sogeza mguu" akasogeza, basi anaridhika. Pili, uvimbe na damu huziba lile pengo lililopo kati ya ncha mbili za kano. Tatu ni eksirei. Mgonjwa anapigwa picha, mfupa unaonekana mzima, anarudishwa nyumbani akiwa na furaha. Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani humo ipasavyo.

Nilimpokea fundi seremala mmoja, mtu wa makamo, ambaye kano yake ilikatika kwenye mpira wa sikukuu. Kituo cha kwanza alipigwa eksirei akaambiwa hajavunjika. Akapewa dawa ya maumivu. Nyumbani akachuliwa kwa maji ya moto na mafuta, asubuhi na jioni, na aliyekuwa akimchua alikuwa na nia njema kabisa. Alipofika kwangu ilikuwa wiki ya sita. Alikuwa anatembea, lakini kama mtu anayetembea kwenye mchanga: mguu haumsukumi mbele. Shavu la mguu lilikuwa limekonda. Hakuweza kunyanyua kisigino hata kidogo akisimama kwa mguu ule. Kwa hali hiyo, P.O.P. peke yake ilikuwa haina uhakika tena. Alihitaji upasuaji mkubwa wa kuunganisha kwa kano ya kuazima kutoka sehemu nyingine ya mguu, Dar es Salaam, nauli, malazi ya ndugu wa kumsindikiza, na karakana kufungwa. Mtoto wake wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza.

Kilichokosekana kwa fundi yule ni kipimo kisichozidi dakika moja. Mwingereza Simmonds alikiandika mwaka 1957, na Mmarekani Thompson akakiandika tena mwaka 1962. Mgonjwa analala kifudifudi kitandani, nyayo zikining'inia nje ya ukingo wa kitanda. Mpimaji anaminya shavu la mguu mzima: wayo unajikunja wenyewe kuelekea chini. Kisha anaminya shavu la mguu ulioumia. Wayo ukibaki kimya, kano imekatika. Wakati huohuo atazame miguu yote miwili ilivyoning'inia. Ule ulioumia huwa umenyooka chini zaidi, kwa kuwa hakuna kinachoushikilia. Halafu apitishe kidole kwa upole kutoka kisiginoni kwenda juu, kutafuta shimo.

Hakihitaji umeme wala mashine wala daktari bingwa. Nesi wa Manda anaweza kukifanya saa mbili usiku kwa taa ya simu.

Altrasaundi husaidia pale penye shaka, na siku hizi hospitali nyingi za wilaya zinayo. MRI ni nzuri lakini kwa jeraha hili la siku chache si lazima. Mimi naona ni kosa kumwacha mtu wa Ludewa akitafuta fedha za MRI kwa wiki tatu wakati kidole na kiganja cha mpimaji vimekwisha kutoa jibu.

Basi ndugu msomaji, unapofika dirishani au kwa tabibu, usiseme tu "mguu unauma". Sema siku na saa uliyoumia. Sema ulisikia mlio au ulihisi umepigwa kwa nyuma. Sema huwezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. Kisha omba kwa heshima: "Daktari, naomba unipime na kano ya kisigino, uniminye shavu la mguu." Hakuna tabibu mwenye akili atakayekasirika. Akikasirika, omba vilevile.

Kabla ya kufika hospitali

Acha kucheza. Usijaribu "kuulegeza" mguu kwa kukimbia kidogo. Usikanyagie ule mguu, tafuta magongo au bega la ndugu. Weka kitambaa chenye maji baridi au barafu, na huku kwetu baridi si tatizo la kutafuta. Mguu uinuliwe juu ya mto. Kama una kipande cha ubao au boksi gumu, ufungwe huku vidole vya mguu vikielekea chini, kama mtu anayesimama kwa ncha za vidole. Mkao huo unasogeza ncha mbili za kano karibu karibu. Kinyume chake, kuuvuta wayo kuelekea juu, kwa kudhani unaunyoosha, kunazitenganisha.

Na kuchua, hapana. Najua katika kila familia yupo bibi au mjomba mwenye mkono mwepesi, na wapo waliopona migongo kwa mikono hiyo. Lakini kano iliyokatika haiungwi kwa kusuguliwa. Kuchua na maji ya moto siku hizo za mwanzo huongeza damu na uvimbe, na kubwa zaidi ni kwamba hupoteza zile siku ambazo zingetumika kwa tiba.

Jeraha la wazi ni jambo jingine, na lina haraka zaidi. Panga lililoteleza wakati wa kufyeka, shoka kwenye msitu wa mbao, bati lililoachwa uani, mnyororo au spoksi za baiskeli na pikipiki zinapomnasa mtoto aliyepakiwa nyuma. Kidonda chochote kilichoko nyuma ya mguu juu ya kisigino, hata kikiwa kidogo cha sentimeta mbili, kichukuliwe kuwa kimekata kano mpaka mtaalamu athibitishe kuwa hakikukata. Hatari yake ni pale ngozi inaposhonwa vizuri, kidonda kinapona, na baada ya mwezi ndipo mtu anagundua mguu hauna nguvu. Kioshe kwa maji safi yanayotiririka, kifunike kwa kitambaa safi, bana kama damu inatoka, nenda siku hiyohiyo. Huko usafishwe, uchomwe sindano ya pepopunda, na ule mshipa wenyewe uangaliwe kabla ya kushonwa. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na kahawa visiguse kidonda hicho.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa usafi pia, tazameni vyoo vyenu. Madaktari wa India na Bangladesh wameandika mara nyingi kuhusu masinki ya udongo ya vyoo vya kuchuchumaa kupasuka na kukata kano ya kisigino ya mtu aliyeteleza. Nasi tunayo masinki hayohayo majumbani, misikitini na kwenye madrasa zetu. Sinki lenye ufa libadilishwe, lisizibwe kwa saruji tu, na utelezi wa sabuni usuguliwe. Anayeteleza zaidi humo ni mzee aliyeamka gizani kwa ajili ya alfajiri.

P.O.P. si tiba ya maskini

Wengi wanapoambiwa watafungwa P.O.P., ile ambayo mitaani inaitwa hogo, huona wamedharauliwa. Wanadhani wenye uwezo hupasuliwa na wanyonge hufungwa hogo. Sivyo.

Nchini Norway walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2022 wenye wagonjwa 526. Wengine walipasuliwa kwa njia ya kawaida, wengine kwa tundu dogo, wengine hawakupasuliwa kabisa. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wao wa kutumia mguu haukutofautiana. Tofauti ilikuwa hii: kati ya wasiopasuliwa, takribani 6 katika kila 100 walikatika tena, wakati waliopasuliwa ni chini ya mmoja katika 100. Kwa upande mwingine, waliopasuliwa walipata zaidi madhara ya mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kila njia ina bei yake, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa zote mbili.

Uingereza nako, mwaka 2020 walichapisha utafiti wa wagonjwa 540 ambao hawakupasuliwa. Nusu walifungwa P.O.P., nusu walivaa kiatu maalumu cha kufungua na kufunga. Baada ya miezi tisa hawakutofautiana. Kiatu kile kina raha yake, lakini kwa mtu wa Mlangali au Lugarawa ambaye hawezi kukipata, P.O.P. iliyofungwa sawasawa inatosha. Zingatia kwamba utafiti huo ulichukua tu watu waliofika ndani ya siku 14 tangu kuumia. Baada ya wiki mbili, ncha za kano huanza kurudi nyuma na kujaa kovu, msuli hufupika, na kuanzia wiki ya nne hadi ya sita madaktari huliita jeraha la zamani, lenye upasuaji wake mgumu kama ule wa fundi seremala.

Hospitali za wenzetu zilizoharakisha tiba hii, kama za Leicester na Swansea huko Uingereza, ziliandika utaratibu mmoja ambao kila anayempokea mgonjwa anaufuata: apimwe, afungwe wayo ukielekea chini, apewe tarehe ya karibu ya kliniki. Jambo hilo hospitali ya wilaya inaliweza kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani kwenye chumba cha majeruhi. Mimi nasisitiza hasa hilo la kufunga. Mgonjwa anayeandikiwa rufaa ya kwenda Njombe au Mbeya bila kufungwa mguu, akakaa siku tisa kutafuta nauli, amepoteza siku tisa. Aliyefungwa kwanza, siku zake tisa ni za tiba.

Rufaa ikihitajika, njia yetu ni Njombe, kisha Makambako kama kilometa 60 mbele, na hapo barabara kuu inakugawa: Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, au Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kabla ya kupanda basi uliza kituo kipige simu kujua siku ya kliniki ya mifupa. Wapo waliofika Ijumaa jioni wakalala kwa jamaa mpaka Jumatatu bure.

Kwa kawaida utakaa na P.O.P. au kiatu kwa wiki 8 hadi 10, na wayo utaletwa juu kidogo kidogo kwa hatua, si kwa mara moja. Baadaye kuna kuweka kisigino kirefu ndani ya kiatu na mazoezi. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari ya kukatika tena, hasa zile wiki za mwanzo baada ya hogo kutolewa, mtu anapojiona mzima. Kazi ya kukaa unaweza kuirudia mapema. Jembe na gunia vingoje miezi minne hadi sita. Mpira, miezi sita hadi mwaka. Mwenye bodaboda naye asidanganyike, maana gia na breki ya nyuma viko miguuni.

Dawa ya kuangalia

Wengi wetu tukihisi homa ya tumbo au mkojo unachoma tunanunua "sipro", yaani siprofloksasini, bila cheti. Dawa hii na ndugu zake inaweza kudhoofisha kano ya kisigino. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo zito liandikwe kwenye maelezo yake. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliozidi miaka 60 na wanaotumia prednisolone kwa pumu au ugonjwa mwingine. Ukiwa kwenye dawa hiyo na nyuma ya kisigino kukaanza kuuma, pumzisha mguu na urudi haraka kwa aliyekuandikia. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu asiache dawa kwa uamuzi wake, amwone daktari wake kwanza. Wala usikubali kuchomwa sindano ya steroidi ndani ya kano hiyo ili "kuua maumivu".

Ibada ukiwa na hogo

Swali hili huulizwa sana, na baadhi huchelewa kufungwa kwa sababu yake. P.O.P. isilowe. Wanazuoni wameruhusu kupangusa kwa mkono wenye maji juu ya kilichofungwa, na viungo vingine vikaoshwa kama kawaida. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, huongezwa tayamamu, na yapo maelezo yake ambayo sheikh wa msikiti wako atakueleza. Kupangusa huko ni kwa mkono uliokung'utwa, si kumwagia kopo. P.O.P. iliyolowa hulainika, na wayo huacha mkao wake.

Swali kwenye kiti, mguu umenyooshwa. Hogo likitolewa, usikimbilie kuinuka kutoka sijida kwa kusukumia vidole vya mguu ule, wala kuusimamisha wayo katika tahiyatu. Mkao huo unaivuta kano kwa uzito wa mwili wote. Endelea na kiti mpaka mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuruhusu.

Jambo la mwisho ni safari. Mguu uliofungwa na kutotikiswa huweza kugandisha damu ndani ya mishipa, na safari ya kutwa nzima ndani ya basi kutoka Makambako hadi Dar es Salaam huongeza uwezekano huo. Mwulize daktari kabla ya kuondoka kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Kunywa maji, chezesha vidole vya mguu, chagua kiti cha pembeni mwa njia ili mguu unyooke, na basi likisimama shuka kwa magongo. Shavu la mguu likivimba na kuuma zaidi ndani ya hogo, au kifua kikakubana na pumzi kukatika, usingoje kufika Dar. Mwambie kondakta akushushe kwenye hospitali ya kwanza iliyo njiani.